Msiri wangu amenigeuza mwizi, na sasa hata usingizi umenikimbia

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Morogoro mjini. Nina genge la mboga. Nauza karoti, kabichi na njegere zinazoshuka kutoka Mgeta. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, na akishaondoka anaweza kumaliza mwezi kwa hizo foleni za mpakani.

Nipo kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, tangu 2017. Tuko wanachama 27, na tumesajiliwa halmashauri. Mimi ndiye mweka hazina na sanduku linakaa kwangu. Funguo ziko tatu, kwa akina mama watatu tofauti. Mimi sina hata mmoja. Katibu ni rafiki yangu wa miaka mingi. Ndiye aliyenisimamia ndoa, binti yangu wa pili ana jina la mama yake, na tunaimba naye kwaya moja. Siri zangu zote anazo.

Mwaka jana tulianzisha mikopo ya dharura, ile ya katikati ya wiki mtu akiuguliwa au mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule. Washika funguo waliona ni usumbufu kuja kwangu kila mara, wakawa wanampa katibu funguo zao. Anakuja nazo zote tatu, tunafungua sanduku sisi wawili, ananitajia jina la aliyeomba, anahesabu, anaandika kwenye leja, anaondoka na hela kumpelekea mwenyewe. Saini, alisema, watu watasaini siku ya kikao. Mimi nilikuwa naandika pembeni kwenye daftari langu la genge, humo humo ninamoandika wadeni wangu, basi tu kwa mazoea.

Desemba tulipokaa kwa ajili ya mgao, zikapungua shilingi 3,460,000. Wanachama tisa walioandikwa kwenye leja kwamba wamekopa wakasimama wakasema hawajakopa. Nikiwa bado sijafungua mdomo, katibu akasimama akauliza mbele ya wote, "Sanduku linalala nyumbani kwa nani?" Akaongeza kwamba yeye aliandika majina niliyomtajia mimi. Mama, miguu iliisha nguvu. Nikajaribu kusema, sauti haikutoka, na watu wakaona hiyo ndiyo dalili ya mwizi. Ukuta wa uani nilioumalizia Novemba kwa hela ya safari ya mume wangu ukawa ushahidi.

Tangu siku hiyo nimezungukwa. Kwenye grupu la WhatsApp la kikundi natukanwa mchana na usiku. Wateja wanapita genge langu kama hawanioni, na walionikopa mboga wamegoma kulipa. Juzi usiku mtu alirusha jiwe juu ya bati, watoto wakaamka wakilia. Mwenyekiti ananishauri nilipe nusu yaishe kimya kimya. Wazee wa jumuiya wanasema ninyamaze, nimwachie Mungu. Kuna mtumishi mmoja kaniambia niandike majina ya adui zangu wote, nipeleke na sadaka ya shilingi 70,000 ili wapigwe. Bado sijapeleka, lakini usiku nasoma Zaburi ya 109 nikiwataja mmoja mmoja, halafu naogopa mwenyewe nilichosema.

Katibu nilimfuata peke yangu. Alifungua mlango nusu akaniambia tusijuane. Siku hizi simu yake haipatikani nusu ya siku, duka lake la nguo kalifunga, na Alhamisi nilipita nikaona vijana wenye mabegi wamekaa kibarazani kwake toka asubuhi.

Anayenijali ni jirani yangu mmoja tu, mama wa Kiislamu anayepika chapati. Kila asubuhi ananigongea kuuliza kama nimekula. Namjibu nimekula hata kama sijala, naona aibu.

Silali, mama. Pikipiki ikisimama nje moyo unaenda mbio. Kama kweli namwamini Mungu, mbona silali? Nihame nirudi kwetu Kilosa? Na kwaya niache? Mume wangu sijamwambia, asije akapata ajali kwa mawazo. Usiku mwingine nawaza heri nisiamke tu.

Mama wa genge, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Naanza na ulichokiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: heri nisiamke. Hilo usilale nalo peke yako hata leo. Mpigie mume wako. Mtumie ujumbe kwanza kwamba akiegesha akutafute, kisha umweleze yote. Dereva wa masafa marefu ameshapokea habari za misiba na magonjwa akiwa njiani. Kitakachomuumiza ni kurudi na kuzikuta habari za mkewe mdomoni mwa watu. Halafu nenda kituo cha afya au hospitali, umwambie daktari kwamba hujalala vizuri tangu Desemba na kwamba mawazo ya kufa yanakujia. Kumwona daktari hakupunguzi imani ya mtu. Na wazo hilo likija kwa nguvu usiku, mgongee mama wa chapati, saa yoyote ile. Atafungua.

Sasa swali lako. Wako watakaokujibu kwamba hulali kwa sababu imani ni haba. Mimi nakupeleka kwa Daudi siku aliyotoka Yerusalemu akimkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa, aliyemwasi ili amnyang'anye ufalme. Fungua 2 Samweli sura ya 15. Alipanda mlima wa Mizeituni akilia, kichwa kimefunikwa, miguu peku. Ni huyu huyu wa Goliathi, analia barabarani mbele ya watumishi wake. Na huko huko njiani ndipo alipoletewa habari kwamba Ahithofeli, mshauri wake, yumo pamoja na waasi. Zaburi ya 55 watu wengi huiunganisha na mtu huyo, ingawa yenyewe haimtaji jina: "Kwa maana aliyetukana si adui, kama ndivyo, ningevumilia... Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana." Inaendelea kusema walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Wewe na katibu mmevaa joho moja la kwaya, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi.

Ahithofeli alimshauri Absalomu ampe watu 12,000 wamfuatie Daudi usiku ule ule, wakati bado amechoka na mikono yake imelegea. Na usiku ule Daudi hakulala. Sura ya 17 inasema yeye na watu wake waliondoka, wakavuka Yordani, na kulipopambazuka hakubaki hata mmoja ambaye hajavuka. Mtu aliyesema katika Zaburi ya 3, "Nalijilaza nikalala usingizi, nikaamka, kwa kuwa BWANA ananitegemeza", zaburi ambayo Biblia yenyewe inasema ni ya wakati alipomkimbia Absalomu, alikuwa pia na usiku wa kukesha anavusha watoto na wazee mtoni. Kwa hiyo usijihukumu kwa kukesha.

Tazama pia namna alivyomwachia Mungu, maana hapa sikubaliani na wazee wenu wa jumuiya, kwa heshima zote. Aliposikia habari za Ahithofeli aliomba sala ya sentensi moja, kwamba Bwana aligeuze shauri la Ahithofeli liwe ubatili. Basi. Alipofika kileleni akamkuta rafiki yake Hushai, kanzu imeraruliwa na udongo kichwani, amekuja kulia naye. Daudi hakumwambia wakae walie. Alimrudisha mjini akalipinge shauri la Ahithofeli, na akawapanga vijana wawili wa makuhani, Ahimaasi na Yonathani, wawe wanamletea habari. Mungu alijibu ile sala kupitia mdomo wa Hushai, maana ndiye aliyewafanya wale waasi wachelewe. Aliyekuambia ukae kimya anakunyima Hushai wako.

Na Hushai wako ni lile daftari la genge. Umelitaja kama kitu cha kupita tu, mimi kalamu ilisimama hapo. Humo mna tarehe, majina na kiasi, kwa mwandiko wako, yameandikwa siku ile ile hela ilipotoka, katikati ya madeni ya kabichi ambayo wateja wenyewe wanaweza kuyathibitisha. Yakilinganishwa na leja yenye mwandiko wa katibu, na vitabu vya hisa vya wale tisa, na simu alizokupigia siku hizo kukuambia anakuja, kutakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya kelele. Litoe nakala leo, moja akae nayo mtu wa nje ya kikundi. Usikate ukurasa, usirekebishe hata tarakimu, usiandike kitu kipya juu yake.

Kikundi chenu kimesajiliwa, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama vyenu viko chini ya usimamizi, na halmashauri ndizo zinazovisajili. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na barua, uombe hesabu za kikundi zikaguliwe, vitabu vyote viletwe mezani: leja, vitabu vya wanachama, na daftari lako. Taja kwenye barua jinsi funguo zote tatu zilivyokuwa zikiletwa na mtu mmoja. Omba pia sanduku liondoke kwako, likabidhiwe mbele ya mashahidi kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Wasipokubali ukaguzi, au jiwe lingine likitua kwenye bati, nenda serikali ya mtaa na polisi. La jiwe la juzi mweleze mjumbe au mwenyekiti wa mtaa hata kesho.

Ile hela ya "lipa nusu yaishe", usilipe hata shilingi mia kabla ya ukaguzi, wala usisaini karatasi yoyote. Ukilipa nusu umekiri yote, na hakuna sala itakayokuondolea jina hilo sokoni.

Halafu wahesabu adui zako upya. Unaniambia umezungukwa, kana kwamba kikundi kizima ni adui, lakini ukiisoma barua yako kwa utulivu hawafiki huko. Wale tisa wameibiwa majina yao. Ni mashahidi wako, hata kama leo wanakutukana. Washika funguo watatu ndio nadhani wanapiga kelele kuliko wote, sivyo? Wanajua waligawa funguo, na wanajua mkutano ukituliza akili utawauliza. Wanakutaka uwe mwizi haraka ili swali hilo lisifike kwao. Mwenyekiti naye alisimamia kikundi kinachotoa mikopo bila saini. Hao ni watu wenye hofu. Wengine waliobaki wamekosa mgao wa Desemba walioupangia ada na mbolea, na mtu aliyekosa hela humpigia kelele aliye karibu.

Katibu ni habari nyingine. Duka limefungwa, simu haipatikani, vijana wenye mabegi wanashinda kibarazani Alhamisi. Sina ushahidi, lakini nimeishi mjini muda wa kutosha kuijua mikopo kausha damu ikiingia nyumba ya mtu. Riba inazidi mtaji, unakopa kwa huyu kumlipa yule, mpaka unachukua cha mwenzio ukijidanganya kwamba utarudisha kabla ya mgao. Kama ndivyo, hilo halimsafishi. Alikuuza mbele ya watu ili apumue, na lazima ajibu. Lakini usiku ukimwona kama simba anayekuwinda, kumbuka inawezekana naye amejifungia ndani anasikiliza pikipiki zinazosimama nje. Hata Ahithofeli, ukifuatilia majina, baba yake Bathsheba anaitwa Eliamu, na katika orodha ya mashujaa wa Daudi, 2 Samweli sura ya 23, yumo Eliamu mwana wa Ahithofeli. Wako wanaoamini ni Eliamu mmoja, yaani yule mzee alikuwa babu wa mwanamke ambaye Daudi alimchukua na kumuulia mume. Biblia haimwombei radhi kwa usaliti wake. Ila wasaliti nao huwa wana historia.

Umeshamfuata peke yako, kama Mathayo 18 inavyoagiza, akakufungia mlango. Hatua inayofuata pale ni kwenda na mtu mmoja au wawili. Chukua mama mchungaji na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote, nendeni mchana, useme maneno machache: kwamba umeomba ukaguzi, na kama ana shida ya madeni aseme sasa, mbele ya watu hawa, kabla vitabu havijafunguliwa. Kisha ondokeni. Usimwombe akupende tena.

Kwa yule mtumishi wa shilingi 70,000, jibu langu ni fupi: hapana. Hela hiyo nunua mboga. Zaburi ya 109 endelea kuisoma ukitaka. Imo kwenye Biblia ili mtu aliyeumizwa awe na mahali pa kumwaga sumu bila kummwagia jirani, na Mungu hashtuki kwa uliyoyasema. Lakini angalia mtu anayeitwa mwandishi wake alivyofanya mchana. Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, alipomrushia mawe na matusi kule Bahurimu, Abishai, askari wa Daudi, aliomba ruhusa akamkate kichwa yule "mbwa mfu". Daudi akamkatalia, akaendelea na safari huku udongo unamrukia. Na Absalomu alipouawa, aliyelia kuliko wote ni Daudi. Kwa hiyo mtaje katibu mbele za Mungu kwa jina lake na kwa hasira yako yote. Tofauti inaanzia pale unapoyaweka majina ya watu kwenye bahasha na kumlipa mtu awapige.

Nije kwenye usingizi wenyewe. Daudi alipofika Mahanaimu, ng'ambo ya Yordani, walikuja watu watatu na mizigo. Ukisoma mwisho wa 2 Samweli sura ya 17 utaona orodha: ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi, kondoo. Na kitu cha kwanza kabisa kwenye orodha ile ni vitanda. Mungu alimpa mtumishi wake pumziko, na pumziko likaja limebebwa na watu, pamoja na matandiko. Mmoja wao, Shobi, alikuwa Mwamoni wa Raba, mtu wa taifa na ibada nyingine, wakati Israeli wenzake Daudi wanamtafuta wamuue. Mama wa chapati akikugongea kesho, mwambie ukweli kwamba hujala. Kula mbele yake. Mwombe binti yake aje alale na wanao mpaka mume wako arudi. Nyumba yenye mtu mzima mwingine ndani ina usiku mfupi.

Simu, saa mbili usiku, itoke chumbani. Grupu lile mkabidhi mdogo wako au mtu unayemwamini alisome yeye, ahifadhi picha za matusi na vitisho, akuambie asubuhi kama kuna la maana. Wewe usijibu kitu humo, hata neno moja. Kabla ya kulala andika kwenye karatasi mambo mawili utakayofanya kesho kuhusu kesi hii, yasizidi mawili, kisha soma Zaburi ya 4, ile inayoisha kwa "katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara". Ukishtuka saa nane, usianze kesi upya kichwani. Sema Zaburi ya 3 kwa sauti, aya ya 5 na ya 6, hata mara kumi. Kama bado macho makavu, amka uchambue njegere. Usiku wa kwanza huenda usilale. Na wa pili.

Kilosa usihame sasa. Ukiondoka kabla ya ukaguzi watasema umekimbia na sanduku. Baada ya hapo, ukitaka kwenda kwa mama yako wiki mbili ukapikiwe, nenda, na wala usiwaeleze watu sababu. Genge fungua kila siku, hata kama mtaji umebaki wa fungu tatu za karoti, ila usikopeshe mtu yeyote mpaka mambo haya yaishe.

Kwaya usiache. Mweleze mwalimu wa kwaya na mchungaji mapema, wasikie kutoka kwako, waamue wao kama ninyi wawili mtasimama madhabahuni wiki hizi au mtakaa na washarika wengine. Wakisema mpumzike wote wawili, kubali. Wakikuambia upumzike wewe peke yako, waulize kwa adabu wameona hesabu gani ambayo afisa wa kata bado hajaiona.